Kimya Nilichokiita Ubovu

Katika kibanda changu cha ufundi, nyuma ya soko la Ukunda, lilikuwapo gunia moja ambalo kwa miaka kadhaa sikuweza kulitupa. Ndani yake mlikuwa na visanduku vya kisomo. Kama hujawahi kuviona, chukua mche wa sabuni ya kufulia uukate nusu. Ukubwa wake ndio huo. Ni vya plastiki, vyeupe au vya kijani, vina spika upande mmoja na vitufe vichache upande wa pili. Ndani yake mna sauti ya msomaji tusiyemjua kwa uso, anayesoma maneno ya Mwenyezi Mungu kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha akaanza tena. Nyumba nyingi za pwani yetu zina kimoja. Huwekwa juu ya kabati kikasoma chinichini mchana kutwa, watu wakipika, wakifua, wakigombana. Mgonjwa huwekewa karibu na mto. Nyumba mpya, kabla haijahamiwa, wengine hukiacha kisome humo peke yake siku tatu.

Kikishakufa ndipo linapoanza tatizo. Msahafu uliochakaa una adabu zake: huzikwa pahali safi, pasipokanyagwa na miguu. Lakini kisanduku je? Si karatasi, na si taka pia. Sikuwahi kumjua mama wa Kidigo aliyethubutu kukitupa jaani pamoja na maganda ya muhogo. Kwa hivyo waliniletea mimi. "Fundi, kikitengenezeka kitengeneze. Kisipotengenezeka, kaa nacho." Nikakaa navyo. Gunia likajaa, likaegemea ukuta kama mtu aliyechuchumaa.

Msimu wa masika, unyevu unapoingia hadi kwenye soli za viatu, gunia liliongea. Si mara nyingi. Maneno mawili matatu kutoka chini kabisa, sauti nzuri ya yule msomaji, kisha kimya. Wateja walishtuka, nami niliwaeleza kwa upole kwamba betri iliyokufa haifi yote. Ikipumzika hurudisha nguvu kidogo, na kitufe chenye kutu kikiguswa na unyevu hujibonyeza chenyewe. Maelezo hayo ni ya kweli. Ila nilikuwa nikiyatoa kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Niruhusu nieleze jinsi visanduku hivyo vilivyoundwa, maana bila hilo yaliyofuata hayataeleweka. Havina skrubu hata moja. Ganda lake limeunganishwa kwa joto, kwa hivyo kukifungua ni kukivunja. Betri imelehemiwa kwenye bodi kisha ikamwagiwa gundi. Betri ya aina hiyo hudumu miaka miwili, mitatu ikitunzwa, na vitu vingine vyote humo ndani vingeweza kudumu kumi. Yaani aliyekiunda aliamua, akiwa huko mbali, kwamba kila kitu kife siku ile betri itakapokufa. Skrubu nne na kishikio cha betri vingetosha kubadili jambo hilo. Sisemi kwa hasira. Nasema ili, ukienda dukani kununua chochote, ukigeuze kwanza utazame mgongoni kama kina skrubu.

Haya ndiyo niliyoyasema mwaka ule tulipoitwa Kwale mjini, mafundi na wakusanyaji wa vyuma chakavu, kutoa maoni kuhusu kanuni za taka za umeme. Ofisa mmoja wa kike alitufafanulia vizuri sana. Alisema kitu kikiharibika kitengenezwe kwanza. Kisipowezekana, sehemu zake zitumike kwengine. Na kusagwa ili kiwe malighafi tena kuwe jambo la mwisho. Akasema pia kwamba waundaji na waagizaji watatakiwa kubeba mzigo wa bidhaa zao hata baada ya kuuzwa. Nilisimama nikaeleza habari za skrubu nne. Watu walipiga makofi. Nilirudi Ukunda nikijiona mtu wa maana.

Kutoka kwenye mkutano huo nilipata mawasiliano ya kikundi cha ukusanyaji kilichokuwa na ghala Tiwi, kando ya barabara kuu. Wao huvunja vifaa, wakatenga plastiki, shaba na bodi, kisha bodi zikapelekwa Mombasa kusagwa. Nikakumbuka gunia langu. Nilikwenda kwa imamu wa msikiti wetu nikamuuliza. Alifikiri kwa muda, akasema kwamba plastiki isiyotoa sauti ni plastiki tu, bora isichanganywe na uchafu. Basi nikawapigia simu wale wa Tiwi. Walisema watapita Jumamosi asubuhi.

Ijumaa, baada ya swala, alikuja mwanamke wa makamo aliyevaa buibui. Alikuwa ametoka Msambweni.

"Salaam aleikum, fundi. Nimeelekezwa kwako. Hiki hakishiki chaji."

Kilikuwa cha kijani, kimefungwa katika leso. Nilikiunga kwenye waya zangu za majaribio nikakiwasha. Kikasoma aya moja kwa sauti nzito iliyokwaruza, kisha kikanyamaza. Nikahesabu moyoni hadi sita, saba. Kikasoma aya ya pili. Kikanyamaza tena, kwa muda kama ule ule.

"Hiki kimekwisha, dada," nilimwambia. "Spika imechanika, na bodi inakatakata. Hata nikikipa betri mpya utakuwa unajisumbua."

"Mamangu yumo edani. Ndicho anachokisikiliza. Baba alifariki mwezi wa juzi."

Nikampa pole, na moyo wangu ulikuwa na huruma ya kweli. Nikavuta kutoka rafuni kisanduku kingine cha kijani kama kile, nilichokuwa nimekitia betri ya simu ya zamani.

"Chukua hiki. Ni kile kile, msomaji ni yule yule, tena hiki kizima. Hivi vyote ni mtu mmoja."

"Ni sawasawa?"

"Sawasawa kabisa."

Alishukuru, akaniombea dua mimi na wazazi wangu, akaondoka. Mimi nikachukua chake nikakivunja ganda kwa bisibisi bapa, nikatoa spika nijaribu kuitumia, nikaitupa bodi ndani ya gunia. Kesho yake wakaja wale wa Tiwi wakalibeba. Pale ukutani lilipokuwa pakabaki duara la vumbi. Nakumbuka niliifunga spika ile kwenye kisanduku chengine, nikashangaa. Haikuwa imechanika. Ilisoma vizuri kabisa, haikukwaruza hata kidogo.

Hapo ningefaa kusimama nifikiri. Sikusimama.

Jumatatu mwanamke yule alirudi. Hakuketi. Kisanduku nilichompa alikuwa amekirudisha katika leso ile ile.

"Fundi, mama anasema huyu si baba."

Sikuelewa. Nikaanza kumweleza, kama ninavyoeleza kila kitu, kwamba msomaji wa visanduku hivi ni mmoja. Akaniinulia kiganja.

"Ngoja kwanza, fundi. Nisikize. Baba alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Alisomesha watoto wa Msambweni nzima, mke wake hakupata kumsomesha. Kila siku kupika, kila siku kesho. Alipoanza kuumwa ndipo alipochukua kile kisanduku, kina kitufe chekundu cha kunasa sauti pembeni, akamsomea humo sura moja ndefu. Anasoma aya, ananyamaza mama aifuatishe, kisha anasoma nyingine. Akamwambia, 'Mimi nikiondoka utanifuata hapo.' Mama alikuwa amefika katikati."

Kitufe chekundu nilikijua. Vingi vinacho. Maandishi yake ni ya Kichina, na kwa muda wote huo nilidhani hakifanyi kazi yoyote.

Niliisikia tena ile aya, kisha kile kimya cha kuhesabu sita, saba. Sauti haikukwaruzwa na spika. Ilikuwa ya mzee mgonjwa. Na bodi haikuwa ikikatakata. Yule mzee alikuwa ameacha nafasi ya mke wake.

Nikamwambia, "Dada, kile kisanduku nimekivunja. Lakini bodi yake iko, na sauti inakaa kwenye bodi. Nipe leo na kesho."

"Mama asimwage machozi bure, fundi. Kama hakuna, niambie hakuna."

"Sijui bado. Nikijua nitakuja mwenyewe nimwambie."

Nilifunga kibanda nikaenda Tiwi na betri moja, waya mbili na spika ile ile, iliyokuwa ya kisanduku kile. Ghalani nilimkuta dada mmoja wa bara aliyewahi kufanya kazi ya vyumba katika hoteli za Diani kabla hajahamia kwenye uvunjaji wa vifaa. Alikuwa na glavu nzito na kofia ya jua.

"Kumbe ni wewe uliyetuletea gunia la mashekhe?" alisema, akicheka. "Fundi, ulinipatia stori. Nilikuwa navunja moja ikaanza kusoma mkononi. Nikaiambia, 'Pole shekhe, ni kazi tu.'"

"Bodi ziko wapi?"

"Za wiki jana zimeenda na lori asubuhi hii. Hiyo beseni hapo ndiyo imebaki. Kwani umepoteza nini?"

Nikamwambia. Kicheko kikafutika usoni mwake. Akavuta ndoo mbili, akaigeuza moja ikawa kiti changu na nyingine kiti chake.

Bodi zote zilikuwa sawa. Kijani, ukubwa wa kiberiti, na tone la gundi nyeusi katikati lililofunika mahali sauti inapokaa. Hakuna alama, hakuna namba inayotofautisha moja na nyingine. Niligusisha waya bodi ya kwanza. Yule msomaji akaanza, kwa sauti yake nzuri, kwa neno lile lile la mwanzo. Nikabonyeza kitufe cha kubadilisha, nikasikiliza kama mna sauti nyingine. Hamna. Nikaiweka kando. Ya pili, yule yule. Ya tatu, yule yule. Kila nilipogusisha waya alianza upya, kana kwamba hajawahi kunyamazishwa, na kila nilipoziondoa alikatika katikati ya neno. Yule dada alikuwa akinipa bodi moja moja, akizipokea nilizomaliza na kuzipanga juu ya gazeti. Hakuna aliyemwomba azipange.

"Fundi," alisema baadaye, kwa sauti ya chini, "mimi ni wa kanisa, lakini hii kitu inanifanya nywele zisimame. Ni kama unabisha nyumba nyingine kila saa, na anafungua mtu yule yule."

Karibu na mwisho wa beseni ilikuwapo bodi moja ambayo, nilipoigusisha, haikutoa sauti. Taa yake ndogo iliwaka, na spika ikatoa ule mvumo hafifu unaotangulia usomaji. Nikainua kidole nimnyamazishe dada, ingawa hakuwa akisema. Nikahesabu hadi saba. Nikahesabu hadi ishirini. Niliendelea kungoja muda mrefu kuliko fundi yeyote anavyongoja bodi, kwa sababu siku tatu kabla sikungoja.

Ilikuwa imekufa tu.

Beseni lilipokwisha bila sauti ya yule mzee, yule dada aliwapigia simu wenzake wa Mombasa, akawaeleza vizuri, kwa subira, mara mbili. Wakamwambia mzigo wa asubuhi ulikuwa umeshaingia kwenye mashine. Akakata simu, akavua glavu, akanishika bega.

Ningeweza kumtuma mtu Msambweni na maneno. Lakini nilikuwa nimeahidi kwenda mwenyewe, na kesho yake nikaenda. Nyumba yao ni ya mawe, ipo jirani na kile chuo alichokuwa akisomesha marehemu. Watoto walikuwa wakisoma kwa pamoja na sauti zao zilikuwa zikiingia dirishani. Binti alinikaribisha sebuleni. Mjane akiwa edani haonani na wanaume wasio wake, kwa hivyo mama alikuwa chumbani na mlango wake ulikuwa na pazia zito la rangi ya samli. Nikaketi kwenye mkeka nikilielekea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye mimi."

"Sema basi. Nimeshakaa chini."

Nikamweleza. Mimi ni mtu wa kueleza, lakini sijawahi kueleza jambo kwa maneno machache kama siku ile. Nilimwambia nilisikia kimya nikakiita ubovu. Nilimwambia sikumuuliza binti yake mlikuwa na nini ndani. Nilimwambia kimesagwa, na hakirudi.

Pazia halikutikisika. Binti alikuwa amesimama karibu na dirisha, amefunika mdomo kwa mtandio.

"Ulimsikia?" mama aliuliza.

"Mama?"

"Kabla hujakivunja. Ulisema ulisikia. Ulisikia ngapi?"

"Aya mbili za mwanzo."

"Basi wewe ndiye wa mwisho. Alisomaje?"

Nikaeleza kwamba sauti ilikuwa nzito, na kwamba katika aya ya pili alivuta pumzi kabla ya neno la mwisho, kama mtu anayepanda ngazi.

"Kifua hicho," mama alisema. "Ndicho kilichompeleka. Nisomee kama ulivyosikia."

"Mama, mimi sina sauti."

"Wala yeye siku hizo hakuwa nayo. Soma."

Sura ile niliihifadhi utotoni, chuoni, kwa kiboko. Nikatia udhu kwenye mtungi wao wa uani, nikarudi, nikaketi nikasoma aya ya kwanza. Kisha nikanyamaza. Nikahesabu moyoni: moja, mbili, tatu.

Nyuma ya pazia akaifuatisha. Sauti yake ilikuwa ndogo, yenye uangalifu, kama ya mtu anayevuka maji akipapasa kwa mguu. Alipomaliza zilikuwa zimebaki sekunde mbili katika hesabu yangu, na nikajua kwamba muda ule yule mzee alikuwa ameupima kwa kumsikiliza mke wake, si kwa saa.

Nikasoma ya pili, nikavuta pumzi pale alipovuta. Chumbani akacheka kidogo, kicheko kilichogeuka kilio. Akafuatisha. Tukaendelea hivyo, aya na kimya, aya na kimya. Binti aliketi. Mara mbili mama alinirekebisha. "Hapo hasomi kwa haraka hivyo." Na mara nyingine, "Wewe mwalimu wako alikuwa nani? Hukuivuta vizuri herufi hiyo." Nikaivuta upya.

Tulifika kama katikati. Nilisoma aya, nikanyamaza, nikahesabu hadi saba. Hakujibu. Nikapita saba. Watoto wa chuoni walikuwa wametolewa; nje pakawa na kelele zao, kisha zikaenda mbali. Sikusogea. Safari hii sikusema kwamba kuna kilichoharibika.

"Hapo," alisema hatimaye. "Hiyo uliyoisoma sijaifikia. Ya nyuma yake ndiyo ya mwisho niliyoipata kwake."

"Nikufundishe hiyo, mama? Nina muda. Naweza kuja kila Alhamisi, mpaka eda iishe."

"Alhamisi njoo. Lakini usinivushe, mwanangu. Hizo za mbele nitazisoma kwa mwengine, siku nikitoka. Wewe nipeleke mpaka pale, unirudishe."

Akaniomba nianze tena kutoka juu. Nikaanza. Nilipofika ile aya ya mwisho aliyoipata kwa mumewe, akaifuatisha hadi neno la mwisho, nami sikuisoma ya mbele. Binti aliinuka akaenda uani kutia maji ya chai. Mimi nikabaki pale mkekani, upande wangu wa pazia.